Ligasi, Kitambuzi na Namba 58

Protini iitwayo MYC ni mnyororo wa asidi amino 439. Ukihesabu kutoka mwanzo wa mnyororo, ya 58 ni threonini, na makala haya yanaizunguka threonini hiyo moja. Ikiwa mahali pake, seli ina uwezo wa kuivunja MYC mara inapokwisha kazi yake. Ikibadilika ikawa asidi amino nyingine, MYC hudumu kupita wakati wake, na kazi ya MYC ni kuihimiza seli igawanyike. Badiliko la hapo penye namba 58 limeonekana mara nyingi katika saratani moja ya watoto ambayo habari zake ziliandikwa kwanza Kampala.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, tabibu Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuielewa hali ile. Muda si mrefu, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye taya za namna hiyohiyo, na tumboni pia mna uvimbe. Akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha maelezo yake ya kwanza. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili walipakia mizigo garini wakashika njia ya kusini, wakapita Tanganyika na kuendelea hadi Afrika Kusini, maili 10,000 hivi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama watoto wenye taya za namna ile wamewahi kuonekana hapo. Penye joto na mvua, jibu lilikuwa ndiyo. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, hapana. Mwaka 1964, jijini London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona kirusi ndani ya seli za uvimbe uliotumwa kutoka Uganda, na ugonjwa wenyewe ukabaki na jina la Burkitt.

Miaka ya 1980 ilipoanza, wanajenetiki wakaonyesha kwamba katika uvimbe huo jeni ya MYC, ambayo makazi yake ni kromosomu ya 8, mara nyingi huwa imehamia kromosomu ya 14, ikawa jirani na jeni ya kingamwili. Jeni ya kingamwili katika seli hizo haizimwi, na MYC kwa ujirani huo nayo ikawa haizimwi. Hilo peke yake ni janga. Lakini seli ina njia ya pili ya kuidhibiti protini iliyozidi, nayo ni kuivunja. Katika seli yenye afya, nusu ya MYC iliyopo huwa imeshavunjwa ndani ya nusu saa hivi. Anayesimamia uvunjaji huo ni kimeng'enya cha aina ambayo wanabiolojia wanaiita ligasi ya ubikwitini, na jina hilo ndilo lenye mgogoro.

Ubikwitini ni protini ndogo ya asidi amino 76. Gideon Goldstein aliielezea mwaka 1975, na kwa kuwa alikuta iko katika kila tishu aliyoipima, jina lake likatolewa kwenye neno la Kilatini ubique, yaani kila mahali. Ligasi imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini ligare, kufunga au kuunga. Jina zima likichukuliwa neno kwa neno linasema: kiungaji cha kile kilichoko kila mahali. Humo hamna kifo cha protini, hamna uchaguzi, wala hamna dalili yoyote ya kwa nini saratani ihusike. Mwanafunzi anayelikariri jina hilo amekariri jambo dogo kuliko yote ambayo kimeng'enya hicho kinafanya.

Kiswahili nacho kina mtego wake hapa. Neno kimeng'enya limetokana na meng'enya, kuvunja kitu vipande vidogovidogo, na wengi wetu tulikutana nalo darasani katika somo la mmeng'enyo wa chakula. Kwa vimeng'enya vya mate na vya tumboni neno hilo linafaa sana. Lakini ligasi haivunji kitu, inaunganisha. Anayesema "kimeng'enya kiunganishi" anasema kivunjaji kinachounga. Baadhi ya watafsiri hulikwepa neno hilo kwa sababu hiyo, wakaandika enzaimu. Mwandishi wa makala haya halikwepi, kwa sababu maana ya neno imeshapanuka shuleni na kwenye vitabu hadi ikakumba kila protini inayoharakisha mmenyuko wa kikemia. Isitoshe, kwa ligasi hii mahususi ule mvutano wa maana una ukweli ndani yake: inaunga ili kitu kivunjwe.

Inaunga vipi?

Anayekaa kando ya barabara kuu Tanzania hahitaji kuelezwa maana ya alama ya X ukutani. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa na alama hiyo zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro kuanzia Kimara, na waliozijenga wanaikumbuka siku ile kwa uchungu. Tingatinga lenyewe halina akili ya kujua nyumba ipi imo ndani ya hifadhi ya barabara. Linafuata X. Anayechora X naye amebeba rangi na brashi tu. Mwenye kujua ni mpimaji, anayekagua mipaka na kusema: hii, na ile pale, siyo hiyo ya katikati.

Ndani ya seli tingatinga ni proteasomu, mtambo wenye umbo la pipa unaomeza protini na kuzikatakata. X ni ubikwitini. Kimeng'enya cha kwanza, E1, huitia ubikwitini nishati iwe tayari kubandikwa. Cha pili, E2, huibeba, kama yule mwenye brashi. Cha tatu, E3, ndiyo ligasi, na ndiye mpimaji. Hesabu yenyewe inaonyesha uzito wa kazi uko wapi: mwili wa binadamu una E1 mbili za ubikwitini, E2 zipatazo 40, na ligasi zaidi ya 600. Rangi ni moja na brashi ni chache, lakini wapimaji ni mamia, kila mmoja na mtaa wake.

Hata rangi ya X ina mwenzake ndani ya seli. Huku barabarani X nyekundu huwa na maana ya nyumba iliyoifuata barabara, nayo haina fidia. X ya kijani ni ya nyumba iliyofuatwa na barabara, na mwenyewe hulipwa. Ubikwitini nazo hubandikwa moja juu ya nyingine zikawa mnyororo, na maana hutegemea zimeshikanishwa wapi. Zikishikana kwenye asidi amino ya 48, ambayo ni lisini, protini hupelekwa kwenye proteasomu. Zikishikana kwenye lisini ya 63, mara nyingi protini haivunjwi. Alama hiyo huita mafundi wa kurekebisha DNA au hupitisha ujumbe ndani ya seli.

Mfumo huu uligunduliwa kwa kufuatilia jambo lililoonekana halina mantiki. Kuvunja protini hakupaswi kugharimu nishati, maana protini ikivunjika hutoa nishati. Tumbo linameng'enya nyama bila kulipa chochote cha namna hiyo. Lakini seli ilikuwa ikilipa ATP, sarafu yake ya nishati, kila ilipovunja protini zake yenyewe. Avram Hershko na Aaron Ciechanover huko Haifa, pamoja na Irwin Rose wa Philadelphia, walilishughulikia fumbo hilo kwa kutumia chembe changa za damu ya sungura, wakazitenga E1, E2 na E3 hatua kwa hatua, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Jibu lao linatosha kutufundisha namna ya kutafsiri: nishati ile haikuwa bei ya kuvunja tu, ilikuwa pia bei ya kuchagua.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe kutambua, ambalo kila maelezo ya ligasi hulitumia na mara chache hulifafanua. Seli haina macho. Ligasi inapoitambua protini, maana yake ni kwamba kipande cha umbo lake kimelandana na kipande cha umbo la protini ile, na chaji za umeme za huku zikavutana na za kule. Seremala anayechonga ulimi wa ubao uingie kwenye tundu la ubao mwingine anaielewa biolojia hii. Kulandana ndiko kutambua. Kile kipande cha protini kinacholandana na ligasi wanasayansi wanakiita degroni.

Ligasi inayoishughulikia MYC ni mtambo wa vipande vinne, na kipande kinachofanya utambuzi kinaitwa Fbw7. Umbo lake ni la pangaboi, lile feni la darini, lenye mapanga manane yaliyojipanga kuzunguka katikati. Juu ya uso wa pangaboi hilo kuna kishimo kilichozungukwa na asidi amino aina ya arginini, zenye chaji chanya. Kishimo hicho kinasubiri fosfati, yenye chaji hasi. Threonini ya 58 ya MYC kwa kawaida haina fosfati, na Fbw7 haiishiki. Kwanza serini ya 62 hupewa fosfati, kisha kimeng'enya kiitwacho GSK3 huja kuipachika nyingine kwenye threonini ya 58. Hapo ndipo MYC inapoingia kwenye kishimo cha pangaboi, nayo hubandikwa ubikwitini.

Ni kama hati ofisini. Karatasi inaweza kuwa na maneno yote yanayotakiwa, lakini bila mhuri karani hataipokea. Fosfati ni mhuri, na mhuri una mahali pake maalumu pa kugongwa. Threonini ikiondoka pale penye namba 58, ikaja asidi amino isiyoweza kubeba fosfati, hakuna tena pa kugonga mhuri. GSK3 ipo, Fbw7 ipo, ubikwitini imejaa seli nzima, proteasomu inazunguka tayari kwa kazi. MYC inapita mbele yao wote bila kuguswa. Watafiti wameonyesha pia kwamba badiliko hilo huinyima seli msukumo wa kujiua, msukumo ambao MYC ikizidi kwa kawaida huuleta wenyewe. Kwa hiyo uvimbe unapata faida mara mbili kutokana na kosa moja.

Kosa linaweza kuanzia upande wa pili vilevile. Katika saratani nyingine, zikiwemo za damu, za utumbo mpana na za mji wa mimba, ni jeni ya Fbw7 inayobadilika, na mabadiliko hayo hupiga zaidi zilezile arginini za kishimo. Mhuri umegongwa vizuri, lakini karani amepofuka.

Kila ligasi ina sharti lake. Ile ya VHL huikamata protini ya HIF pale tu prolini zake zinapokuwa zimepachikwa oksijeni. Hewa ikipungua prolini hubaki tupu, HIF husalimika, na mwili huanza kuotesha mishipa mipya ya damu. Kwa ugunduzi wa namna seli inavyohisi oksijeni, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Nobel ya Tiba mwaka 2019. VHL ikiharibika, kama ilivyo katika saratani nyingi za figo, HIF hujilimbikiza hata penye oksijeni tele, na uvimbe hujipatia mishipa ya kuulisha.

Kisa kinachotugusa zaidi Afrika Mashariki, hata kuliko cha Burkitt, ni cha saratani ya shingo ya kizazi. Kirusi cha HPV hakina ligasi. Kina protini ndogo iitwayo E6, nayo hufanya kazi ya dalali. Ndani ya seli zetu mna ligasi iitwayo E6AP ambayo, ikiachwa peke yake, haina habari na p53, mlinzi anayezuia seli yenye DNA iliyoharibika isigawanyike. E6 huishika E6AP kwa mkono mmoja. Muungano huo ukishakaa sawa, sehemu mpya ya kushikia hutokea, na p53 hunasa hapo. Mpimaji wa mtaa mwingine ameletwa na dalali kwenye nyumba isiyomhusu, akaipiga X. Mlinzi huvunjwa na seli hubaki bila wa kuizuia. Harald zur Hausen, aliyeonyesha uhusiano wa HPV na saratani hiyo, alipewa Nobel mwaka 2008. Aina mbili za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani za shingo ya kizazi. Chanjo yake iliingia katika mpango wa taifa Rwanda mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019.

Hila ya kirusi, ya kumletea ligasi windo lisilo lake, imegeuzwa kuwa tiba. Thalidomaidi ni dawa iliyoleta msiba mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipotumiwa na wajawazito na watoto zaidi ya 10,000 wakazaliwa na viungo visivyokamilika. Kwa nusu karne hakuna aliyejua inashika nini mwilini. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walionyesha kwamba inaishika serebloni, kipande cha utambuzi cha ligasi. Miaka minne baadaye ikaonekana kwamba ndugu yake, lenalidomaidi, inayotumika kutibu saratani ya uboho, huubadilisha uso wa serebloni ukalandana na protini mbili, Ikaros na Aiolos, ambazo bila hizo seli za saratani hiyo haziwezi kuishi. Dawa yenyewe haiui protini. Inaigeuza hukumu ya ligasi. Wanasayansi wanaziita dawa za jinsi hii gundi za molekuli, na kwa mara moja Kiswahili kinapata istilahi isiyohitaji maelezo.

Basi tuliite nini kundi hili la vimeng'enya? Ligasi ya ubikwitini ibaki kuwa jina la kimaabara, kwa kuwa mtafiti wa Dar es Salaam na wa Osaka wanahitaji kuelewana. Herufi zake za mwisho zisimbabaishe mtu: ubikwitini inaishia na "-ni" kama protini na insulini, si kiambishi cha mahali, na u ya mwanzo si ile ya utu na uzuri. Tuseme ubikwitini hii imebandikwa, tusiseme ubikwitini huu umebandikwa. Mapendekezo ya aina ya kibandika-alama yanavutia, lakini yanarudia kosa la Kilatini, kwani yanamtaja mwenye brashi na kumsahau mpimaji.

Kinachohitaji jina letu wenyewe ni ile sehemu ya ligasi inayochagua: Fbw7, VHL, serebloni. Hiyo tuiite kitambuzi. Degroni nayo tuiite kitambulisho, neno ambalo Mkenya na Mtanzania wote wawili wanalibeba mfukoni, na protini inayochaguliwa iwe protini lengwa, kama tunavyosema walengwa wa mradi. Faida ya maneno haya ni kwamba yanazaana. Kitambuzi hutambua kitambulisho. Kitambulisho kikikosa mhuri, protini lengwa haitambuliki. Kitenzi kimoja, tambua, kinabeba mfumo mzima kwa minyambuliko ambayo mtoto wa darasa la nne anaijua. Kwa lugha walizotungia wanabiolojia maneno yao, ligasi na degroni hazina undugu wowote wa kimaneno, na msomaji hulazimika kuukariri uhusiano wake. Kwetu uhusiano umo ndani ya neno.

Maneno haya yana kazi nje ya darasa pia. Muuguzi anayemweleza mama kwa nini taya ya mwanawe imevimba kwa kasi ile anaweza kumwambia kwamba mwili una vitambuzi vya kuondoa kinachozidi, na kwamba ndani ya uvimbe huu kuna kinachozidi ambacho mwili umeshindwa kukiondoa. Hayo ni maelezo ya kweli, na hayamlaumu mzazi wala kumtaja mchawi.

Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka ukubwa mara mbili kwa siku moja au mbili. Ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote, na pia ni miongoni mwa za kwanza kuonyesha kwamba saratani inaweza kupona kwa dawa peke yake. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967 pale Mulago, ilianza na watoto hawa. Ukimwona mtoto ambaye taya yake inavimba siku hadi siku, meno yamelegea, au tumbo limejaa bila sababu inayoeleweka, usisubiri wiki ijayo. Mpeleke hospitali leo.